Ubao wa Benchi la Nne

Jumatano, tarehe 4 Juni

Leo nimegundua kwamba imani yangu imelala. Ushahidi: kwenye ibada ya jioni nilisali Baba Yetu mwanzo hadi amina huku nikichagua viatu vya kuvaa kazini kesho. Sikukosea hata neno. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikatazama pembeni. Shangazi anasinzia, mkoba mapajani. Fundi cherehani anakagua mishono ya pazia. Kila mtu mahali pake pa miaka yote. Si mimi tu, basi. Nimeunda Kamati ya Uamsho. Mwenyekiti mimi, katibu mimi. Akidi imetimia.

Alhamisi, tarehe 5

Dawa imepatikana. Ugonjwa wetu ni mazoea, na mazoea yamekaa kwenye mabenchi. Tukihamishwa, tutaamka. Nilimpelekea mchungaji hoja tisa kwa maandishi. Akasoma mbili. Akasema aliwahi kusogeza ibada kwa robo saa, na hadi leo wapo wasiomsalimia. Hakusema hapana. Kwa hiyo amekubali.

Shangazi kapata habari, sijui kwa nani. Kasema ndiyo faida ya kusomesha mtoto: akimaliza vitabu anahamia kwenye viti.

Ijumaa, tarehe 6

Nimeazima ufunguo kwa mke wa mchungaji. Nilimwambia nataka kutulia na Mungu. Si uongo. Sikutaja mabenchi, naye hakuuliza.

Jumamosi, tarehe 7

Asubuhi nimehamisha mabenchi kumi na mawili peke yangu. La nne nyuma, la mwisho mbele, mengine yakitazamana. Kidole gumba kimevimba. Mgongo, tusiuzungumzie. Nikapanda kwenye roshani ya kwaya kujipongeza.

Akaingia Bibi Ufagio, mzee anayesafisha kanisa, na ndoo yake na kitambaa. Akasimama. Nikasubiri ashangae. Badala yake aliweka ndoo chini, akaanza kupapasa viti kwa kiganja, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta watoto wake gizani. Kisha akashika benchi la kwanza na kuanza kulivuta, na umri wake ule.

Nikashuka mbio. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anawatafuta watu wake. Kila Jumamosi hufuta mahali pa kila mmoja na kumtaja kwa jina mbele za Mungu, na haondoki hapo mpaka moyo umwambie inatosha. Hapa ni fundi, ambaye mwanawe hampigii simu. Hapa ni muuguzi, mguu wake haujapona. Kumbe nimemchanganyia wote.

Nikauliza pangu ni wapi, nikitumaini kwamba sina. Akanipeleka nyuma, kwenye benchi la nne, ukingoni. Vanishi imeisha kabisa. Ubao mweupe, laini kama jiwe la mtoni.

“Hapa nasugua sana, mwanangu,” alisema. “Hasa tangu uende chuo.”

Miaka kumi na minane nimekalia maombi ya mtu nikidhani ni ubao. Nilisimama pale, naogopa hata kuugusa.

Tukarudisha mabenchi yote, yeye mbele, mimi nyuma. Hakuniuliza ni nani aliyeyahamisha. Aliniambia tu niinue kwa magoti, si kwa mgongo.

Jumapili, tarehe 8

Watu wakaingia, wakakaa palepale. Hakuna aliyejua kitu. Mimi nilijishusha polepole, kama anayekalia kiganja cha mtu. Ilipofika Baba Yetu nilikwama kwenye neno la kwanza. Baba. Sikuweza kuendelea. Kanisa zima likanipita, likafika amina, nami bado niko hapo mwanzoni, na sikutaka kuwa pengine popote. Sina maneno. Kwangu mimi, hilo ni jambo kubwa.

Baada ya ibada nilibaki nyuma nikapapasa mahali pa shangazi. Ni laini kuliko pangu. Pamebonyea kabisa. Nimerudia mara tatu, kwa vidole viwili, kwa uhakika.

Maombi yote hayo, na yeye analala juu yake!

Kamati imekutana jioni hii. Imepitishwa kwa kauli moja: Jumapili ijayo mwenyekiti atawahi mapema na kukaa pale.