Tairi Lililopasuka Mlangoni Pangu na Mila Iliyozaliwa Nalo

Ndugu Mhariri wa gazeti la ukutani,

"Sherehe ya Tairi ni mila ya kale ya mtaa huu, tuliyoirithi kwa wazee wetu, na anayeipinga hajui alikotoka." Maneno hayo si yangu. Ni ya katibu wa Kamati ya Shughuli za Mtaa, yule ambaye sote tunamwita Bwana Ratiba, nawe umeyabandika ukutani jirani na tangazo la paka aliyepotea, bila hata alama ya kuuliza. Paka yule nimemwona kwa macho yangu. Mila hiyo sijaiona.

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Kitabu kikiletwa kimechanika mgongo, hukisoma kwanza ndipo nikakishona, na ndiyo maana wateja wangu husubiri. Nimesoma habari za falme zilizoinuka na falme zilizoanguka, na nakuhakikishia kwamba hakuna hata moja iliyokuwa na mila ya kale yenye umri wa mwaka mmoja. Mila hii ilizaliwa mwaka jana, mlangoni pa karakana yangu, nami nilikuwepo, gundi mkononi, kama mkunga ambaye hakuitwa. Jumamosi hii inarudiwa. Na Jumamosi hii hii, mlangoni hapo hapo, nategemea wageni wanaokuja kumposa binti yangu wa kwanza. Hapo ndipo penye maumivu, na ndiyo sababu nakuandikia badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili.

Kwa faida ya waliohamia karibuni, mambo yalikuwa hivi. Gari dogo la mizigo lililojaa viti vya plastiki vya kukodi, likienda kwenye harusi ya watu wengine upande wa pili wa mji, lilipasuka tairi mbele ya mlango wangu. Dereva alishusha viti ili gari liwe jepesi kwa jeki. Barabara yetu ina mteremko, na viti vikirundikwa kimoja juu ya kingine huanguka, kwa hiyo akavipanga chini, mistari kwa mistari. Hilo ndilo kosa lake pekee, nami namsamehe, kwa kuwa si mkazi wa hapa. Hakujua kwamba katika mtaa huu viti vikishapangwa mstari, watu wameshaalikwa.

Wewe unaujua utaratibu wetu. Hapa hakuna anayeuliza "Kuna nini?" Anayeuliza amekiri mbele ya majirani kwamba hakualikwa. Mtu akiona viti hukimbia nyumbani akavaa shati safi, akarudi, akakaa, akakunja mikono, akasubiri kwa uso wa mtu anayejua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wangehamia huku, wangekaa kimya kama sisi.

Wa kwanza kukaa alikuwa bibi wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akienda kununua chumvi. Wakafuata mafundi wa gereji, akina mama na watoto mgongoni, na bwana mmoja aliyeshuka na taulo begani. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, alipoona umati mzima umekaa kimya bila msemaji, alimwacha mteja na nusu ya kichwa na kuja mbio na kipaza sauti. Akili ni nywele, na mteja yule siku hiyo alibaki na nusu ya vyote viwili. Ndipo akapita Bwana Ratiba, makabrasha kwapani. Akaona watu. Akaona viti. Nilimwona akibadilika rangi: alidhani ni shughuli aliyoipanga mwenyewe akaisahau. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, nawashukuru kwa kufika kwa wingi kwa ajili ya jambo hili ambalo sote tunalijua."

Makofi.

"Jambo hili halikuanza leo, wala halitaishia leo!"

Vigelegele. Dereva akatoka chini ya gari, mweusi kwa grisi, amelikumbatia tairi lililopasuka, akasukumiwa kipaza sauti mdomoni. Akasema, na mimi ni shahidi, "Jamani, mimi naomba viti vyangu tu. Kuna watu wamesimama huko."

Bibi wa ghorofa ya pili akafuta machozi. "Sikieni unyenyekevu huo! Hajiombei yeye, anawaombea waliosimama!" Umati ukainuka kumpigia makofi. Dereva akadhani hapo ndipo pa kuokoa mali yake, akavirukia viti, lakini kabla hajafika wakawa wameshakaa. Simu yake ikalia, mwenye harusi akifoka mpaka nikamsikia niliko.

"Viti viko wapi?"

"Mzee, vimekaliwa."

"Na nani?"

"Hata wao hawajui, mzee."

Hiyo ndiyo mila ya kale, Ndugu Mhariri. Sasa nipe nafasi nitaje malalamiko yangu, kwa adabu na kwa namba.

1. Historia inapotoshwa mchana kweupe. Bibi wa ghorofa ya pili, ninayemheshimu kama mama yangu mzazi, anawasimulia wajukuu kwamba katika usichana wake matairi yalikuwa makubwa zaidi na watu walikuwa na adabu ya kuyapigia makofi. Nilimwambia kwa upole, "Bibi, mwaka jana ulikuwa unaenda kununua chumvi." Akanijibu, "Mwanangu, na chumvi nayo siku hizo ilikuwa chumvi." Nimebishana na wanasheria, nimebishana na wahubiri, nimewahi kubishana na mpiga ramli. Sijawahi kushindwa kwa hoja kama hiyo.

2. Tairi lenyewe. Kamati imelipaka rangi nyeupe, imelisimika mlangoni pangu na kupanda ua katikati. Wazazi huwaleta watoto kuligusa kabla ya mitihani. Juzi mteja wangu aliyeleta kamusi nene alijikwaa hapo, kamusi ikapasuka katikati ya herufi M, maneno yakatawanyika barabarani. Kinyozi, badala ya kumwinua, akampungia mkono: "Hongera kaka! Wenzako huligusa tu, wewe umeliangukia!" Mtu huyo alikuja kutengenezewa kamusi yenye jalada bovu. Aliondoka na mfuko wa karatasi.

3. Matayarisho. Zimeundwa Kamati Ndogo ya Jeki, Kamati Ndogo ya Msumari, na, baada ya wiki moja ya kununiana, Kamati ya Kuwapatanisha Jeki na Msumari. Dereva alipoombwa arudi apasue tairi lingine, alituma ujumbe kwamba siku hizi anapita njia ya mbali na hatakanyaga mtaa huu mpaka afe. Kamati ililijadili jibu hilo ikalipokea kuwa ni fumbo la mtu mwenye hekima. Mahali pake limepatikana toroli la mjenzi, ambalo mgeni rasmi atalitoboa tairi kwa kitu kinachoitwa "msumari wa heshima". Nimeuona msumari huo. Umefungwa utepe. Jana walifanya mazoezi mbele ya dirisha langu, nikawachungulia mpaka gundi ikanikaukia vidoleni. Tairi la toroli ni mpira mtupu, halina upepo hata wa kupuliza kibatari. Msumari ukapinda. Walikusanyika kuutazama kama waliofiwa, kisha Bwana Ratiba akatangaza kwamba msumari uliopinda una maana pana zaidi.

4. Posa ya binti yangu. Hapa, Ndugu Mhariri, naomba ukae vizuri.

Mwaka jana, katika umati ule wote, ni mtu mmoja tu aliyethubutu kumgeukia aliyekaa kando yake na kunong'ona, "Samahani dada, hivi hapa kuna nini?" Alikuwa kijana wa mtaa mwingine, mpita njia. Dada aliyeulizwa ni binti yangu. Alicheka kwa sauti katikati ya hotuba, akatazamwa vibaya na safu nzima, na tangu hapo wameendelea kuulizana mpaka kufikia posa. Kijana anayeuliza ni adimu siku hizi. Nilimkubali kabla hajamaliza kujitambulisha. Na tafadhali Kamati isilichukue hilo kuwa hoja ya kuitetea sherehe yake! Wangeweza kukutana popote, hata kwenye foleni ya maji.

Lakini kijana ni muulizaji, na baba yake si muulizaji. Ni mpima ardhi, mtu wa maneno machache, anayeamini kilicho mbele ya macho yake. Sasa fikiri pamoja nami. Jumamosi anafika na ukoo wake, wamevaa vizuri, wamebeba zawadi. Mlangoni pangu anakuta viti, umati, kipaza sauti na tairi jeupe lenye ua. Atasema nini? Atasema, "Kumbe wametuandalia." Ataketi. Mjumbe wao, mjomba mwenye sauti nzito aliyekuja tayari na maneno yake, ataona kipaza sauti, atakipokea, atalitamka ombi lao mbele ya mtaa mzima. Na nani atakuwa amesimama hapo kumjibu? Si mimi, mimi nitakuwa sebuleni nimekaa na koti langu nikisubiri hodi. Atajibu Bwana Ratiba!

Na Bwana Ratiba hajawahi kukataa kitu kinachoambatana na hotuba. Mwezi uliopita alipokea kwa niaba ya mtaa shehena ya saruji iliyopotea njia, akampa dereva wake cheti. Atawapokea wakwe zangu. Atasema, "Tumeipokea posa hii kwa mikono miwili." Makofi. Mgeni rasmi atatoboa toroli. Ukoo utarudi kwao umeridhika, na mimi nitatoka sebuleni jioni kukuta binti yangu ameposwa kwa Kamati ya Shughuli za Mtaa. Akioa huyo kijana, ataitwa mkwe wa nani? Akija na ugomvi wa ndoa, utasuluhishwa na Kamati ya Jeki? Wajukuu wakizaliwa, watapewa majina kikaoni, kwa kupiga kura, na kura zikigongana watapewa jina la msumari? Usicheke, Mhariri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu si ufa tena, naona mpaka sebule ya jirani.

5. Mke wangu yumo kwenye Kamati Ndogo ya Msumari. Kuhusu hili sina la kuongeza, kwa kuwa ndiye aliyechagua utepe.

Kutokana na hayo, naitaka Kamati iifute sherehe ya Jumamosi hii na zote zitakazofuata. Ing'oe tairi mlangoni pangu kabla ya Ijumaa. Ua lihamishiwe mahali penye udongo, halina kosa. Na Bwana Ratiba asimame mbele ya ubao wako aseme kwa kinywa chake kwamba siku ile alikuwa hajui anafungua nini. Nikikosa majibu nitapeleka shauri hili ngazi za juu, na kama ngazi za juu nazo zimeshaalikwa kuwa mgeni rasmi, nitapanda juu zaidi.

Nisalimie watu wa nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Msalimie kinyozi, na umwambie kisogo changu, alichokiacha nusu wiki iliyopita alipokimbilia kikao cha Kamati, bado kinamsubiri amalizie. Msalimie bibi wa ghorofa ya pili, magoti yake yapate nafuu. Hata Bwana Ratiba msalimie, ila usimpe nafasi ya kujibu.

Ni mimi jirani yako niliyechoka kupigiwa makofi mlangoni,

Fundi wa Vitabu

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii yote akiwa amesimama, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimekalia kiti. Alipomaliza aliikunja akaniwekea mapajani. Aliniuliza tu, "Baba watoto, ukoo mzima wa watu utaukalisha wapi?" Tumezunguka nyumba tukitafuta. Kuna kiti hiki, kuna mwenzake ambaye mguu wake mmoja niliuchukua kukazia vitabu vilivyotiwa gundi, kuna kigoda cha karakana, na kuna ndoo ambayo ikigeuzwa hukalika kwa muda mfupi. Na sasa hivi wakwe wametuma salamu kwamba wanakuja wengi kuliko walivyosema, pamoja na shangazi ambaye hawezi kukaa chini, na kwamba mjomba mwenye sauti nzito ameumwa koo na angeshukuru sana kama kungekuwa na kipaza sauti.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, yafute yote niliyoyaandika hapo juu, kuanzia neno la kwanza. Mila ni mila, na mtu mzima hapingani na wazee. Ubaoni bandika haya tu. Bwana Ratiba: viti vifike mapema, na posa ikisomwa kipaza sauti nipewe mimi. Kamati ya Msumari: toroli litobolewe baada ya wakwe kujibiwa, si kabla. Na ninyi mliozoea kukaa mstari wa mbele, mnajijua: Jumamosi nendeni nyuma, na nimkute shangazi wa watu amekaa.