Malkia wa Sindano na Cheti cha Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Nimebadilisha jina la duka! Si Mama Sindano tena, ni Malkia wa Sindano. Wifi yangu, fundi cherehani wa chumba cha pili, akauliza malkia gani anashona na kandambili. Wivu huo. Nimeingia mwenyewe kwenye programu ya vipimo, nikaandika jina jipya na anwani ya kompyuta yangu, zile tarakimu zake. Binti yangu ndiye aliyeitunga, wateja watume vipimo kwa simu hadi kompyuta ya dukani. Na wifi pia alimtengenezea ya kwake. Ni shangazi yake, nifanyeje.

Jumanne, 4 Machi
Hakuna kipimo kilichoingia, limekuja onyo tu kwenye kioo! Na bibi harusi ninayemshonea gauni, mwalimu mmoja, alikuwa atume leo. Binti anasema kila kompyuta ikiitwa hutoa cheti chenye jina lake, kama kitambulisho. Ndani ya programu kuna kitu anakiita maktaba, yaani vipande vya programu vya watunzi wengine alivyoviazima; hiyo hulinganisha jina lililoitwa na jina la kwenye cheti. Yasipolingana, haipeleki kitu. Akasema ni cheti cha jina langu la zamani, nisubiri kesho. Nikamwambia nilimzaa bila kuulizwa cheti. Nikalia. Machozi nusu, ila yalitosha. Akazima ukaguzi. Kwa siku moja tu, mama, akasema.

Jumatano, 5 Machi
Ole wangu. Wifi kaja mlangoni, wateja tele, kaniuliza bibi harusi wangu ana miezi mingapi. Kumbe nilikosea tarakimu moja ya anwani, nikaita kompyuta yake! Ikatoa cheti chake, na hakuna wa kukitazama. Vipimo vikaenda kwake, na ombi la mwalimu: niachie nafasi tumboni, mama mkwe asijue.
Mama mkwe alikuwa kwenye benchi langu, akisubiri pindo.
Lile onyo la jana lilitaja jina la wifi, herufi kwa herufi. Hatukulisoma. Nilikuwa nalia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa mwalimu. Alifungua mlango kidogo. Akasema hanichukii, ila aliniambia mimi kwa kuwa aliniona kama mama yake. Binti amerekebisha anwani, amewasha ukaguzi. Kaniambia neno moja tu: ule ukaguzi ulikuwa wa kumlinda yule mwalimu. Nimeapa sitagusa tena.

Jumamosi, 8 Machi
Mwalimu kanisamehe! Atatuma vipimo upya leo. Harusi ipo, mama mkwe kanuna tu. Nimemshukuru Mungu.
Halafu wifi kabandika kibao: Malkia Mkuu wa Sindano. Mkuu! Mbele ya mlango wangu!
Basi nami sasa ni Mama Yao Malkia. Jina jipya limeingia, anwani nimeandika haraka haraka. Programu imegoma tena, imeleta onyo refu. Binti yuko sokoni. Mtoto anachoka, sitamsumbua. Niliona mahali alipouzima ule ukaguzi, ni kubadili neno moja.
Kwa siku moja tu.