Mshenga wa Dirishani

Jumatatu, 2 Juni

Ushindi! Mimi, Sosthenes, fundi cherehani wa Ipogolo, Iringa, nimeteuliwa kuwa mshenga wa ukoo.

Ilikuwa jana baada ya ibada, kwa kaka Jailos. Mtoto wake Adrian, mwalimu kule Idodi, amempata mchumba, mwalimu mwenzake, Ikupa. Binti mpole, mwenye heshima, anaimba vizuri. Hayo yote sikuyasikiliza sana. Nilichosikia ni kwamba kwao ni Tukuyu. Tukuyu! Ifunda, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole, halafu unakata kushoto unaanza kupanda mpaka kwenye migomba.

Binamu yetu Anania aliitaka nafasi hiyo. Mzee wa kanisa, mwenye sauti nzito. Hekima anayo, nakubali. Ila basi likifika Ifunda tu anaomba mfuko wa kutapikia. Nilikikumbusha kikao jambo hilo kwa upole. Nikakikumbusha tena.

Mke wangu Severina hakupiga makofi. Ameuliza kama ukoo umeishiwa watu hata umtume kiguu na njia kupeleka posa. Amesema pia kwamba sare za kwaya ya kina mama zimelala mezani tangu Pasaka. Nimemwambia tembea uone. Amesema yeye ameshaona vya kutosha, na amezaa navyo binti, Faustina.

Watu hawanielewi. Wananiuliza ninasafiri kwenda kufanya nini. Nikijibu kwamba ninakwenda kusafiri, wanakaa kimya wakisubiri nimalizie. Aliyenipongeza ni jirani yangu mmoja tu, Shamsudin, mwenye duka la nyuzi na vifungo. Nadhani alifurahi kwamba kiti chake cha kibarazani kitapumzika.

Ijumaa, 6 Juni. Tukuyu

Siti ya dirishani. Nililala stendi kuipata. Mama mmoja mjamzito aliitamani, nikamweleza kwamba mimi ni mshenga.

Makambako upepo uliondoka na kofia yangu. Igawa nilikula wali. Chimala nilitazama milima mpaka shingo ikakataa kurudi. Raha tupu! Mzigo wa posa niliukumbuka nilipofika Uyole, ulikuwa bado chini ya siti, Mungu mkubwa.

Mzee Andendekisye, baba wa Ikupa, ni mtu wa maneno machache na ndizi nyingi. Alinipokea vizuri mno. Kuku, maziwa, chai. Nikatoa maneno yangu, mazuri, niliyafanyia mazoezi kuanzia Mafinga. Yeye na kaka zake wakaingia ndani kushauriana. Wakatoka kabla chai yangu haijapoa.

Wamekubali! Hawakuvuta wala kusumbua. Ng'ombe waliowataja ni wa kistaarabu. Kilichobaki, amesema mzee, ni kaka Jailos na wazee wenzake waje wenyewe, wakae pamoja, wamalize.

Hapo ndipo ndizi iliponikwama. Wazee wakija wenyewe, mshenga ana kazi gani? Safari moja tu, basi! Watu wengine hawajui kabisa kuringa.

Jumapili, 8 Juni

Kikao tena kwa kaka Jailos. Nimewaambia ukweli kiasi. Nimesema tumepokelewa vizuri, ila mzee ni mtu mzito, anafikiri, ameniomba nirudi.

Kaka akauliza kwa nini asipige simu akishafikiri. Nikasimama. Nikasema, kwa masikitiko, kwamba mambo ya posa hayasemwi kwenye simu. Kikao kizima kikaguna kukubali. Anania alisema amina! Nilikaribia kumpenda.

Severina alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliniangalia kama anavyomwangalia muuza mchele aliyejaza nta ndani ya kipimo. Sijapenda.

Jumatano, 18 Juni. Tukuyu tena

Safari hii nilipitia Igowole kwanza, kuomba baraka za shangazi. Shangazi alishangaa, kwa sababu yeye ni shangazi wa mke wangu na baraka hajawahi kuombwa. Lakini barabara ya Mufindi, na mashamba ya chai yalivyonyolewa! Haikuwa hasara.

Tukuyu mambo hayakuwa mepesi. Mzee alitazama nyuma yangu, akatazama njiani, akauliza wazee wako wapi. Ilibidi niseme kitu. Nikasema kaka Jailos mgonjwa. Mgongo. Hawezi hata kugeuka kitandani.

Mama akashika kichwa. Mimi mwenyewe nilihuzunika, nilivyoieleza vizuri.

Baadaye mzee alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia jambo. Kuna bwana wa Kyela, mwenye shamba la kakao, naye anamtaka Ikupa. Wamemzuia kwa sababu binti moyo wake uko kwa Adrian. Lakini ukoo umeanza kusema kwamba watu wa Iringa wanawadharau, wanatuma mtu mmoja kila siku kula kuku. Akasema hawezi kuwazuia zaidi ya mwisho wa mwezi.

Nimemhakikishia kwamba nitarudi kabla ya hapo. Kurudi si tatizo langu, nikasema.

Jumanne, 24 Juni

Adrian amekuja kutoka Idodi. Amekonda. Shingo imekuwa ndogo kuliko kola, na kola nilishona mimi.

Ikupa hana raha, anasema. Kwao binti hamuulizi baba yake habari za posa, ni utovu wa adabu, kwa hiyo anangoja tu. Jioni anakaa nje ya nyumba ya walimu bila kuimba. Adrian akaniuliza ukoo wetu una kasoro gani ambayo mzee anaifikiria hivyo.

Nilitaka kumwambia. Kweli kabisa, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Likapita basi la Sumbawanga, limeoshwa, linang'aa. Nikamwambia subira yavuta heri.

Akanishukuru! Akasema, “Baba mdogo, ningekuwa sina wewe sijui ningefanyaje.”

Roho iliniuma. Iliniuma mpaka wakati wa chakula. Baadaye nimekata tiketi ya Jumatatu. Dirishani.

Sare za kwaya, naona, zinapungua mezani. Severina anazishona mwenyewe. Kina mama wanasema mikono yote miwili sasa inalingana. Wivu wa kazi ni kitu kibaya.

Jumamosi, 28 Juni

Siku ya maafa.

Asubuhi simu ililia. Mzee Andendekisye, sauti ya furaha. Wako Makambako wanakunywa chai! Gari lao la Noah limejaa: yeye, mkewe, kaka zake, mchungaji wao, na mikungu ya ndizi juu. Wanakuja kumjulia hali mgonjwa. Kwao mkwe mtarajiwa haachwi kitandani peke yake.

Nikasema wasijisumbue, habari za ugonjwa zinaweza kusemwa kwenye simu. Mzee akashtuka. Akasema nani alinifundisha hivyo, mgonjwa anaonwa kwa macho.

Nikakimbia kwa kaka Jailos. Nilimkuta uani anaingiza mahindi ya mavuno. Nikamwambia ameonekana kuchoka, uso umebadilika, alale kidogo. Akasema hajajisikia vizuri hivi tangu ujana. Nikamuuliza habari za mgongo. Akanyanyua gunia kunionyesha. Nikaleta blanketi. Akaninusa mdomo.

Mpango wa pili ulikuwa mzuri zaidi. Kuwangojea barabarani, kuwageuza. Ningesema mgonjwa amepelekwa Dodoma, au amepona ghafla akaenda shamba, chochote. Nikasimama kituoni, macho barabarani, silaha zote tayari.

Likasimama basi la Mpanda.

Mpanda! Sijawahi kufika. Nikamuuliza kondakta, kwa kifupi tu, hali ya barabara ukishatoka Sumbawanga. Kumbe ni mtu wa maelezo. Akafika kwenye habari za mbuga, twiga wakivuka njia. Nilipogeuka, Noah yenye ndizi juu ilikuwa inakata kona ya kwetu.

Nilifika nahema. Nimechelewa. Walikuwa wameshamkuta mwanaume na gunia begani, wamemwamkia, wamemuuliza ni wapi kwa Jailos, yule asiyeweza kugeuka kitandani. Kaka, kwa heshima zake zote, akasema Jailos ndiye yeye, karibuni, ngoja atue mzigo. Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu cha nyimbo. Akakifunga polepole.

Kaka akauliza kama mzee sasa amemaliza kufikiri. Mzee akauliza kufikiri nini, wao walikubali siku ya kwanza kabla chai haijapoa.

Wote wakaanza kunitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya mkungu wa ndizi. Mkungu mmoja hautoshi mtu wa mwili wangu.

Ndipo mzee akasema lililobaki. Bwana wa Kyela amealikwa keshokutwa. Walikuja leo kuangalia kwa macho yao kama huku kuna ugonjwa au kuna dharau. Wangegeuzwa njiani, wangejua ni dharau, na Ikupa angeolewa Kyela.

Nikafikiria kule kituoni. Nikafikiria ile Dodoma niliyokuwa nimeiandaa. Nilisikia baridi, na koti nilikuwa nimevaa.

Kaka Jailos hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, “Bwana mdogo, ungemkosesha mtoto mke kwa ajili ya dirisha?”

Severina alinijibia: ndiyo.

Jumapili, 29 Juni

Wamemaliza! Jana hiyo hiyo. Walikaa sebuleni, wakala ndizi zao na kuku wetu, na giza lilipoingia kila kitu kilikuwa kimekubaliwa: ng'ombe, harusi, mwezi wa nane, Tukuyu. Yaliyonichukua mimi mwezi mzima wa jasho wao wameyafanya kwa sinia moja. Hakuna aliyetaja kwamba bila mimi wasingekutana. Nilitaja mwenyewe. Sikuungwa mkono.

Adrian alipigiwa simu akaja usiku kwa pikipiki. Alilia mbele za watu. Kisha akanipa mkono. Sio kwa nguvu, lakini akanipa. Mama wa Ikupa naye aliniambia ndaga, ahsante yao, ila alikuwa anamwambia Severina aliyesimama nyuma yangu.

Hukumu ya ukoo imetoka leo baada ya ibada. Ushenga nimevuliwa. Msafara wa harusi ataongoza Anania. Anania! Na siku hiyo ukoo mzima ukipanda basi kwenda Tukuyu, lazima abaki mtu wa kulinda mbuzi wa kaka.

Niliuliza mtu huyo ni nani. Watu walicheka sana. Anania alisema amina.

Jumamosi, 30 Agosti

Harusi. Tukuyu. Wao.

Niliwasindikiza mpaka kituoni. Basi la kukodi, maua mbele, vigelegele. Severina alikaa dirishani, amevaa kitenge nilichomshonea mimi, au alichojishonea, sikumbuki. Alinipungia mkono. Nilisimama pale mpaka watu wakaanza kuniuliza nangojea gari gani.

Mbuzi hawana mazungumzo. Mmoja amekula futi yangu ya kupimia nguo.

Mchana picha zilianza kuingia. Severina na milima ya Chimala. Severina na mvua ya Tukuyu. Ikupa amependeza, Adrian shingo imerudi. Nilifurahi, nakiri, nilifuta machozi kwa mkono wenye pumba. Kisha ikaja picha ya Anania. Mfuko mkononi, uso wa kijani, na nyuma yake kibao cha Ifunda. Nimeihifadhi.

Severina aliandika maneno machache chini ya picha zake. Baba Faustina, sasa nimekuelewa kidogo. Nikajibu upesi kumuuliza kama basi litapitia Mbeya mjini. Hakujibu. Nadhani mtandao.

Jumatatu, 1 Septemba

Wamerudi. Severina amenikuta na mbuzi wote, amenisifu. Nimemwambia nimejifunza. Nimemwambia miguu imetulia, mwanaume ni kwake, mtembezi hula miguu yake. Akanipikia ugali na mlenda. Amani ikarudi nyumbani. Mchana nimeshona hata kifungo.

Jioni nilikwenda kwa Shamsudin kununua uzi. Nikamkuta ameshika tama. Kijana wake amepata mchumba, wazazi wa binti wanaishi mbali, na ndugu zake wote wana biashara, hawezi kumpata wa kumtuma. Anafikiri awapigie tu simu.

Nikavuta kiti. Nikauliza, kwa ajili ya ujirani tu, wazazi wa binti wako wapi.

Kigoma, akasema.

Kigoma! Sijawahi kuliona ziwa lile. Nikamuuliza kama baba wa binti ni mtu wa kukubali haraka haraka. Akasema, kwa masikitiko, kwamba anasikia ni mgumu sana. Alhamdulillahi, nikasema, mimi Mlutheri.

Nikasimama, nikamshika bega, nikamweleza kwamba mambo ya posa hayasemwi kwenye simu.