Audax Atafuta Mahali pa Mashine

Audax wa Biharamulo alikuwa anakunywa chai Benaco, akisubiri mjinga apite, aliposikia habari za shule. Mama mmoja meza ya jirani alikuwa analalamika kwamba huko kwao Mugoma, wilaya ya Ngara, watoto wanakohoa wakiwa darasani, wakirudi nyumbani wanapona. Jengo limezeeka, darini wamejaa popo, kuta zina ukungu, halafu mwalimu mkuu kapigilia mabati kwenye madirisha. Wazazi wamechanga mbuzi wauzwe ili madirisha yatengenezwe upya, na mbuzi wamefungwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati, wanangoja gulio.

Mtu mwenye roho nzuri angesema pole. Audax aliuliza mbuzi wamenona kiasi gani.

Nisieleweke vibaya, Audax hakuwa mwizi. Mwizi hukimbizwa, na Audax hakupenda kukimbia. Yeye aliongea tu, watu wakampa vitu vyao kwa mikono miwili na kumsindikiza hadi barabarani. Siri yake ilikuwa mdomo. Akiwa na Wasukuma aliongea kama Msukuma, akiwa na Wahaya akawa Mhaya. Akiingia Ngara, ambako wako wengi wanaoazimana l na r kama majirani wanavyoazimana sufuria, naye aliita kalamu "karamu" bila kupepesa macho. Mtu akisikia matamshi yake kwenye kinywa cha mgeni, husahau kwamba yule ni mgeni.

Basi akatafuta boksi la bati, akalipaka rangi nyeupe. Ndani akaweka betri na feni iliyong'olewa kwenye gari bovu, nje akachomeka taa nyekundu. Taa haikuwa na kazi yoyote zaidi ya kuwaka, lakini siku hizi nani ataamini mashine isiyo na taa? Akalifunga nyuma ya pikipiki yake, ambayo aliipenda kuliko ndugu zake wote, akashika njia ya Mugoma.

Mwalimu mkuu, Wiston, ndiye aliyeziba madirisha, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanaangalia malori, na yeye aliamini elimu hutorokea dirishani. Kuyang'oa mabati kungekuwa kukiri kosa mbele ya wazazi, na Wiston alikuwa tayari kukohoa hadi astaafu kuliko kufanya hivyo. Audax alipomweleza kwamba mashine yake husafisha hewa bila kugusa bati hata moja, mwalimu mkuu nusura amkumbatie.

Walifanya majaribio darasa la kwanza, kwa Mwalimu Diane. Feni ilivuma, ikapuliza vumbi la chaki na mavi ya popo kila kona. Watoto wakakohoa darasa zima. Wiston akapiga chafya hadi tai ikahamia mgongoni, kisha akatangaza kwamba tofauti inasikika kabisa. Diane hakucheka. Juzi tu alikuwa amembeba mtoto mmoja hadi uwanjani, pumzi imembana, midomo imeanza kubadilika rangi. Alimwambia mkuu wake waziwazi kwamba mbuzi wakienda kwa boksi hili, madirisha hayatakuwepo, na mtoto mwingine atabebwa. Akajibiwa kwamba anapinga maendeleo.

Lakini mbuzi wasingetoka bila neno la mwenyekiti wa kamati, Mama Ildefonsa, ambaye ndiye mama yake Diane. Jioni ile Audax na Wiston wakaipeleka mashine kwake, Diane akiwa ameshatangulia nyumbani. Kaka yake mama, Mzee Juvenali, alikuwepo na wazee wa ukoo, wamezunguka chungu cha pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake. Audax akatoa shikamoo kwa mmoja mmoja, akauliza hari za nyumbani. Mama Ildefonsa aliitikia marahaba, akamtazama kwa muda, akasema, "Kalibu ndani, mwanangu." Diane alimgeukia mama yake kwa mshangao. Audax hakuliona hilo. Alikuwa anafurahi kwamba amepata wa mdomo wake.

Akaamua kuanza taratibu, asionekane mwenye tamaa ya mbuzi. Kwanza aombe pa kuiweka mashine, mengine yafuate yenyewe.

"Mama, nina jambo moja tu," alisema. "Naomba tuongee habari ya mahari."

Mzee Juvenali akautoa mrija mdomoni. Kiswahili ni lugha tamu, ila herufi yake moja tu yaweza kukuoza.

"Mahari ya nani, mwanangu?" aliuliza Mama Ildefonsa.

"Ya huyu mtoto hapa," alisema Audax, akinyoosha mkono kwa mahaba kuelekea boksi. Nyuma ya boksi alisimama Diane, amekunja mikono. "Mtulivu, hana kerere. Nimetembea kote, sijaona kama huyu."

Diane akafungua mdomo. Mama yake akamkata jicho, akaufunga.

Mama akataka kujua kama mtoto atatunzwa. Audax akaapa kwamba siku akiharibika, atamfungua na kumtengeneza kwa mkono wake. Wazee walitazamana, wakamsamehe, maana vijana wa siku hizi huongea hovyo. Wakampa mrija, akavuta pombe kwa furaha, akijua mambo yameiva. Na kweli yalikuwa yameiva.

"Umekuja na nini?" aliuliza Mzee Juvenali.

"Nimekuja na pikipiki, mzee wangu."

"Ni yako?"

"Yangu kabisa. Kadi hii hapa."

Mzee akapokea kadi, akabaki amenyoosha mkono. Audax, akidhani anataka kuisogeza ndani isije ikaibiwa, akampa na ufunguo.

"Imepokelewa," alisema Mzee Juvenali, na wanawake jikoni wakapiga vigelegele.

Audax aliinama kidogo, kama anavyoinama mtu ambaye mashine yake imependwa. Ndipo shangazi mmoja akamkumbatia na kumwita mkwe. Wiston naye akamnong'oneza hongera, akaongeza kwamba angejua amekuja kuoa angevaa tai nyingine.

Hapo Kingara kilimtoka chote. "Mahali," alisema, na jasho linamtiririka. "Nilisema mahali. Mahali pa mashine."

Waliulizwa mashahidi. Wote walisikia mahari. Hata Wiston, aliyefundisha Kiswahili tangu ujana wake, alilazimika kukiri kwamba ilikuwa r.

"Hapa kwetu mwanamume akiivunja posa, mahari hairudi," alisema Mama Ildefonsa kwa upole. "Ila sisi si watu wabaya. Kama hii ni mashine, tuipereke kituo cha porisi, wafungue boksi, waone inavyosafisha hewa. Ikiwa kweli, chukua pikipiki yako, na mbuzi wote."

Taa nyekundu ikafifia, ikazimika yenyewe. Audax aliitazama, akasema jambo zito hivi haliwezi kuendelea bila baba yake mdogo, ngoja akamlete kutoka Biharamulo. Wakamsifu kwa adabu. Akaondoka kwa miguu, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyemsindikiza.

Baba mdogo hajafika mpaka leo. Mbuzi waliuzwa gulioni, pikipiki ikabeba mbao na wavu wa madirisha, na popo wakahamishwa. Wiston aliwatangazia wazazi kwamba mabati yale yalikuwa ya muda tangu mwanzo, nao wakamwachia hilo.

Siku mabati yalipong'olewa, upepo uliingia darasa la kwanza na watoto wakakaa kimya wakingoja kukohoa. Hawakukohoa. Yule aliyewahi kubebwa alivuta hewa, akaiachia, akacheka. Diane akageukia ubao ajifute machozi.

Wiston alikuwa mlangoni na rundo la mabati, anauliza atayaweka wapi.

"Tafuta mahali, mwalimu," alisema Mama Ildefonsa, aliyekuwa amekuja kukagua madirisha.

Diane aligeuka. L ilikuwa imetoka safi, vile vile mama yake anavyosoma masomo kanisani kila Jumapili.