Seva ya Chumba cha Kufulia

Jumatatu, 6 Februari

Leo asubuhi, jikoni kwangu, nyumba nambari nne, mjini Härnösand, utawala wa ubao wa mbao umefikia kikomo. Naandika haya kwa ajili ya watakaokuja baadaye wakitaka kujua ilianzaje.

Ilianza hivi. Nilishuka kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu na kapu la nguo, nikitaka zamu ya saa sita mchana. Kwenye ubao wa zamu, ambako kila nyumba hupachika kikufuli chake kwenye tundu la saa inayoitaka, tundu la saa sita limezibwa na kikufuli cha nambari tisa. Jana pia. Kesho pia. Wiki nzima nambari tisa, kama mtu aliyejenga pale. Nambari tisa ni Evald Nyrén na mkewe Elsy. Wazee wawili, hawana hata mbwa. Wanafua nini kila siku?

Nikamuuliza Gunvor Åkerblom, mwenyekiti wa chama cha jengo na mlinzi wa ubao tangu ubao ulipokuwa mti. Akasema saa sita ni ya Evald, kila mtu anajua. Nikamwambia mimi sijui. Akasema, "Basi Ture, sasa unajua." Akaendelea kutoa manyoya ya nguo kwenye chujio la mashine ya kukaushia. Si yeye aliyelichafua, na alihakikisha nimeliona hilo.

Upendeleo, mchana kweupe. Mkutano mkuu ni tarehe 26. Nitagombea uenyekiti, nami siendi mikono mitupu. Natengeneza seva.

Jumatano, 8 Februari

Seva ni kompyuta inayokaa ikingoja kuulizwa. Mtu anashika simu yake, anauliza: Alhamisi saa nane ipo wazi? Nayo inajibu. Haina kinyongo, haina shoga wa kupiga naye kahawa. Naiandika kwa lugha ya programu iitwayo Python, yaani Chatu. Nimejifunza mwenyewe, kwa video za bwana mmoja anayefundisha huku anatafuna. Kiwanda cha karatasi kilinistaafisha kabla ya wakati kikidai sijifunzi mambo mapya. Mistari michache tu ya Chatu na seva imesimama. Waje waone.

Kikwazo kimoja. Seva husikiliza kwenye mlango wenye namba. Nikachagua mlango wa elfu nane. Chatu akakataa. Akasema mlango huo tayari una mtu.

Nilishtuka. Nani yumo ndani ya kompyuta yangu? Nikamshuku Gunvor. Nikachomoa intaneti, nikafunga mapazia, nikala soseji bila hamu. Ndipo nikagundua kwamba aliyemo ni mimi. Seva ya asubuhi ilikuwa bado inaenda kwenye dirisha jingine, nyuma ya utabiri wa hali ya hewa. Nimeizima. Mapazia nimeyaacha.

Jumamosi, 11 Februari

Inafanya kazi. Sheria kuu ni mstari mmoja: kila nyumba zamu mbili kwa wiki, basi. Ukiomba ya tatu, skrini inakuambia: "Umeshapata haki yako." Nimejiomba zamu ya tatu mara kadhaa ili niisome. Inapendeza.

Nimebandika tangazo kwenye lifti na kuung'oa ubao. Gunvor alinikuta na bisibisi. Akauliza nani ameniruhusu. Nikasema haki haihitaji ruhusa. Akanitazama vile watu wanavyotazama paka aliyeleta panya mezani. Akasema, "Kuna mambo huu ubao ulikuwa unayajua, Ture." Nikamjibu ubao ni ubao. Hakucheka. Mimi nilicheka kidogo.

Majirani hawajalalamika. Kwetu hapa mtu halalamiki usoni, hubandika karatasi. Hadi jioni hapakuwa na karatasi. Nahesabu huo ni ushindi.

Jumatatu, 13 Februari

Evald alibisha hodi. Kofia mkononi. Akasema kuna baridi. Nikakubali kuna baridi. Akasema tovuti yangu ni nzuri, herufi zinasomeka hata kwa macho yake. Kisha akasema kwamba yeye, kwa bahati mbaya, zamu zake mbili ni leo na kesho, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Akataka kujua kama mashine hizi huwa zinafumba jicho kidogo.

Nikamweleza kuwa uzuri wake ndio huo. Haimjui mtu. Nikamchorea. Sanduku hili ni simu yako, sanduku hili ni seva, mshale unaenda, mshale unarudi. Evald aliutazama sana mshale unaorudi. Akasema, "Naona, naona. Sheria ni sheria." Akashukuru. Alipofika kwenye ngazi akageuka, akashukuru tena.

Hakusema anataka kufua nini. Sikuuliza. Si adabu kuuliza. Na kuingia kwenye zamu isiyo yako ni jambo Evald hawezi kulifanya. Kwetu hapa afadhali uibe baiskeli.

Mtu mpole. Kura yake ninayo.

Alhamisi, 16 Februari

Kuna shuka kwenye roshani ya nambari tisa. Zimeganda. Upepo ukizigusa zinagonga ukuta kama mbao. Nadhani Evald amezifulia kwenye beseni la kuogea. Kanuni zinakataza kuanika upande wa barabara. Nitalishughulikia nikishakuwa mwenyekiti.

Mchana Gunvor akaingia kwangu na viatu. Miaka yote hii sijamwona mtu huyu akiwa na viatu ndani ya nyumba ya mwenzake. Akasema ataniambia kama anavyomwambia mtoto, maana Evald hatasema hata akikatwa kidole. Elsy amelala tangu vuli. Hatainuka tena. Shuka zinabadilishwa kila siku. Mama wa manispaa anayekuja kumwogesha amesema kitanda kikiendelea kuwa hivi, Elsy atahamishiwa kwenye makao ya wagonjwa, mabasi mawili kutoka hapa. Na Elsy ameomba kitu kimoja tu duniani: afie kwake. "Zamu zangu mbili nimeshampa," akasema. "Bado siku tatu zina pengo. Mpe mzee wa watu saa sita yake, Ture. Unaumwa nini wewe?"

Niliguswa. Naliandika kwa uaminifu. Lakini kuna jambo la kitaalamu ambalo Gunvor hawezi kulielewa. Ili kubadilisha sheria lazima nizime seva na kuiwasha upya. Na seva yangu inaziweka zamu za watu kichwani tu, haiziandiki popote. Ikizimwa, inasahau zote. Jengo zima bila zamu, na uchaguzi uko mlangoni. Nikamwambia litaingia kwenye toleo la pili, baada ya mkutano.

Akauliza toleo la pili ni mdudu gani. Nikamweleza. Aliondoka katikati ya maelezo. Ameacha theluji kwenye zulia.

Jumapili, 19 Februari

Maafa. Kompyuta imeamua kujisasisha yenyewe nikiwa bafuni. Ikajizima, ikajiwasha, ikasahau kila mtu. Nyumba mbili zilikutana mbele ya mashine moja, kila mmoja na kapu lake. Hawakugombana. Walisimama wakitazama sakafu, jambo ambalo ni baya zaidi. Kisha karatasi zikaanza. Mojawapo: "Kwa mwenye akili nyingi: sisi wengine tuna nguo chafu." Haina jina. Mwandiko ni wa nambari mbili.

Nimeandika upya siku nzima. Sasa zamu zinahifadhiwa kwenye faili. Izimwe hata mara mia, itakumbuka. Nilikwisha kuiwasha na kujimiminia kahawa ndipo likanijia lile la Evald. Ni mstari mmoja tu. Ningeweza kuuweka pale pale, bila hasara kwa mtu yeyote. Lakini seva ilikuwa inaenda vizuri, na fundi hagusi kinachoenda.

Kesho.

Jumanne, 21 Februari

Siku ya maandazi ya krimu, ambayo kwetu huliwa kila mwaka kabla ya Kwaresima. Nimenunua boksi zima nigawe kwa wapiga kura. Nambari mbili alichukua mawili bila kufungua mlango wote.

Kwa Evald nilimkuta mama wa manispaa ameketi na koti lake mapajani. Evald alikuwa anamweleza kwamba shuka ziko njiani kukauka. Alisema "njiani" mara nyingi. Kutoka chumbani sauti ikauliza ni nani. Evald akasema ni Ture, yule wa kompyuta. Elsy akasema, "Ana maandazi? Kama ana maandazi aingie. Kama ana maelezo mwambie nimelala."

Nikaingia. Amebaki mdogo kama shati lililofuliwa kwa maji moto. Alilamba krimu tu, andazi akamwachia Evald. Kitanda kimewekwa dirishani, anaona barafu ya ghuba. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyeng'oa ubao. Nikasema ndiyo. Akasema Evald alikuwa anapenda kwenda kukipachika kile kikufuli. "Ndiyo ilikuwa safari yake," akasema. Chini yake palikuwa na taulo za jikoni, zimepangwa kwa ustadi mkubwa.

Nilirudi nimeazimia kuuandika ule mstari mara moja. Nikafungua programu. Kabla sijaufikia nikaona neno "Kufulia" halijakaa katikati ya skrini. Liko kushoto kidogo. Mtu hawezi kwenda kwenye uchaguzi na kitu kama hicho. Nililisukuma kulia, likashuka chini. Nikalipandisha, likatoweka. Mpaka nakwenda kulala nilikuwa nalo.

Sasa limekaa katikati.

Jumapili, 26 Februari

Mkutano mkuu, chumba cha chini, kahawa ya termosi. Nilikuwa na hotuba. Gunvor akauliza nani yuko tayari kuwa mwenyekiti. Kila mtu akachungulia ndani ya kikombe chake. Nikasimama. Gunvor akagonga meza kabla sijafungua mdomo, akasema imepita. Watu wakashusha pumzi. Kumbe amekuwa akiomba kuondolewa kila mwaka na hakuna aliyetaka. Hotuba haikuhitajika. Seva haikutajwa, ila nambari mbili aliuliza kama sasa karatasi zielekezwe kwangu moja kwa moja.

Gunvor akanikabidhi funguo. "Hongera," akasema. "Sasa wanakuchukia wewe."

Wivu. Kiti cha Evald kilikuwa kitupu.

Jumatano, 15 Machi

Toleo la pili limekamilika. Nilichelewa kidogo kwa sababu ya rangi ya usuli, ila imekuwa ya buluu tulivu. Ule mstari umo: mwenyekiti akiidhinisha, nyumba yenye mgonjwa inapata zamu kila siku. Nimeujaribu kwa nambari tisa. Unafanya kazi bila dosari.

Nilipanda kumpasha Evald habari. Hayupo. Gunvor, ambaye nilimkuta kwenye ngazi, alinijibu bila kusimama kwamba Evald hutoka na basi la asubuhi na kurudi na la jioni. Elsy walimchukua wiki ile ile ya mkutano. Huko alikolazwa dirisha linatazama maegesho ya magari. Nikamwambia Gunvor amweleze Evald kuwa sasa inawezekana. Akaendelea kushuka.

Kwa ujumla mfumo umefanikiwa. Msongamano umepungua, mashine zinapumzika, roshani za upande wa barabara ni safi. Mwezi ujao nahamia kwenye sauna, chumba cha mvuke cha jengo, ambako nasikia nambari kumi na moja ana saa ya Ijumaa tangu zamani, na hakuna anayeweza kunieleza kwa nini.

Saa sita mchana ipo wazi kila siku. Nimejiwekea ya kesho. Nguo chafu sina.