Kituo cha Kupumzikia Wenye Vijiduka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati inayoisimamia Kamati ya Maandalizi. Makamu wao, waliofika na wanaotarajiwa kufika. Wadau, wawakilishi wa wadau na wanaotamani kuwa wadau. Waheshimiwa mafundi, wasusi, vinyozi, wauza mboga na wauza mitumba. Wazazi wangu, mashemeji zangu, na wewe ndugu uliyekalia kiti changu na sasa unajifanya unasinzia. Mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo.) Sikuwasikia, hamjambo? (Hatujambo, kwa sauti ndogo zaidi.)

Awali ya yote, naomba niwapongeze kwa bahati mliyoipata ya kuongozwa na mimi. (Makofi ya kamati.) Nikiwa Mkurugenzi wa Idara ya Uwiano wa Kazi na Maisha, nilikabidhiwa jukumu zito, mtambuka, endelevu na shirikishi, la kuhakikisha kwamba mwenye biashara ndogo anapumzika kwa mujibu wa mpango mkakati, na katika kulitekeleza tumefanya semina elekezi, wekshopu ya kutathmini semina elekezi, na ziara ya mafunzo katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ambako wataalamu wetu walijifunza kupumzika kwa vitendo. (Vicheko.) Msicheke, hiyo ni kazi. Utafiti wetu umebaini kwamba asilimia tisini na tisa ya wenye biashara ndogo wamechoka, na ile asilimia moja iliyobaki haikuweza kuhojiwa kwa sababu ilikuwa imelala.

Lakini takwimu bila mtu ni sindano bila uzi, kwa hiyo nitawapa mtu. Mnamjua Mama Pindo, fundi cherehani mwenye duka kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. (Tunamjua.) Jina hilo mlimpa nyinyi wenyewe, kwa sababu pindo alilolikunja yeye halifumuki mpaka nguo iwe tambara. Sasa, kati ya duka lake na sebule yake hakuna ukuta, kuna pazia tu, na mteja aliweza kupiga hodi wakati wowote, mama wa watu akaacha tonge sahanini akaenda kupima kiuno cha mtu. Mumewe, fundi redio, mtu mpole asiye na maneno mengi, alizoea kula akitazamana na kiti kitupu. Akimwomba mkewe apunguze kazi, hujibiwa kwamba mteja akikuta mlango umefungwa leo, kesho atavuka barabara aende kwa yule fundi wa ng'ambo, na mteja akishavuka barabara harudi. Hofu hiyo, kitaalamu, sisi tunaiita changamoto ya ushindani katika mnyororo wa thamani. Yeye aliiita njaa.

Alasiri moja duka lilikuwa limejaa. Alikuwepo bibi harusi mtarajiwa na shangazi yake, mwalimu mmoja na sketi yake, na mchukuzi wa sokoni mwenye suruali iliyochanika pabaya. Mama Pindo, miwani puani, pini midomoni, hakuwa na nafasi hata ya kuinua kichwa. Akimaliza mmoja husema tu anayefuata. Mara anayefuata akaweka mezani gauni la mwanasesere, zima kabisa, halina hata uzi uliolegea. Mama Pindo akauliza kwa pembe ya mdomo tatizo liko wapi.

"Hakuna tatizo," ikajibu sauti. "Nilitaka kuzungumza na wewe, mama. Nimeona wanaopanga foleni ndio unaowasikiliza."

Alikuwa kitinda mimba wake, wa darasa la pili, aliyejipanga kwa adabu nyuma ya mchukuzi mpaka zamu yake ikafika. Alichotaka kusema ni kwamba jino lake la mbele limeng'oka. Mama akamuuliza limeng'oka lini. Akasema juzi. Akamuuliza nani mwingine anajua, na mtoto akasema baba anajua, na fundi wa ng'ambo pia anajua, kwa sababu alimuuliza.

Mimi nimehutubia mikutano mingi, nimetoa prezentesheni mbele ya watu wazito, lakini sijapata kutoa hoja iliyonyamazisha ukumbi namna hiyo. Shangazi wa bibi harusi, ambaye ugomvi kwake ni chakula, ndiye aliyenisimulia. Mama Pindo alitoa pini midomoni moja baada ya nyingine, akampakata mtoto mbele ya wateja wote, akamwambia afungue mdomo. Akalitazama pengo lile kwa muda. Kisha akawageukia wateja, akawaambia kwa upole kwamba kuanzia siku hiyo duka litafungwa jua likianza kushuka, na siku moja katika wiki halitafunguliwa kabisa. Shangazi akauliza harusi ya watu itakuwaje. Akajibiwa kwamba gauni litakuwa tayari kwa siku yake, ila litashonwa mchana, kama lilivyostahili.

Naomba ieleweke kwamba uamuzi huo ulizingatia miongozo yote ya Idara yangu, ingawa mwenyewe hajawahi kuiona. (Vicheko.)

Siku za mwanzo zilikuwa chungu. Wateja walitikisa mlango, wakaguna, na baadhi kweli wakavuka barabara. Mama Pindo alikaa upande wa pili wa pazia, viganja vinamwasha, akiisikia cherehani ya ng'ambo inavyokimbia. Mumewe ameniambia kwamba kila alipomwona mkewe anataka kuinuka, yeye alimwomba amwongezee chai, ingawa kikombe kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, na mkewe akawa anaketi tena na kumimina kijitone, mchezo ukaisha hivyo jioni baada ya jioni.

Kisha jioni moja cherehani ya ng'ambo ikanyamaza mapema. Fundi mwenyewe, mgane aliyezoea kula peke yake dukani, akaonekana anavuka barabara. Mama Pindo akajua amekuja kujigamba kuhusu wateja. Yule bwana akakaa kibarazani, akavua kipimio shingoni.

"Dada, nimechoka," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa sifungi kwa sababu nikisikiliza, nasikia bado unashona."

Mama Pindo akacheka mpaka akashika mbavu, kwa maana yeye naye alikuwa hafungi kwa sababu akisikiliza, alisikia bwana huyo bado anashona. Wakakubaliana palepale wafunge pamoja. Wateja, walipokosa pa kuvukia, wakajifunza kuja mchana. Kinyozi akaiga, muuza vyombo akaiga, na mtaa ule ambao haukuwa na jioni ukapata jioni yake, watu wamekaa vibarazani wanateta kama walivyoumbwa. (Makofi.)

Mimi mwenyewe nimelithibitisha hilo kwa ziara ya kushtukiza. Jana, jua likielekea kuzama, suruali hii mnayoiona ilikataa kufungika kiunoni, jambo lililosababishwa na semina. Nikapiga hodi, nikataja cheo changu chote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama Pindo akachungulia.

"Karibu, Mheshimiwa. Kama umekuja kupumzika, kiti kipo. Kama umekuja na suruali, njoo kesho."

(Makofi marefu na vigelegele.) Nayapokea makofi hayo kwa niaba ya Idara. Nilikaa, ndugu zangu. Nikapewa chai, nikaonyeshwa jino jipya linavyochomoza, fundi redio na fundi wa ng'ambo wakabishana kuhusu bao lililofungwa kabla mimi sijazaliwa, nami nikalala kitini pale, mdomo wazi, usingizi ambao hoteli yenye bwawa haikunipa. Kwa hiyo mkiona leo nimefunga suruali kwa pini, mjue hiyo ni ishara ya mafanikio ya Mradi.

Tunaahidi kuyaendeleza mafanikio haya kwa awamu. Nikisema funga duka, mnasema fungua nyumba. Funga duka! (Fungua nyumba.) Pumzika! (Kwa maendeleo.) Mkurugenzi! (Kimya, kisha mtu mmoja anakohoa.)

Mwisho, kabla sijakata utepe wa Kituo hiki cha kisasa, chenye ghorofa, vitanda na bustani, nawashukuru wafadhili kwa uvumilivu wao, na kwa namna ya pekee namshukuru fundi wa mabango aliyekichora chote kwenye turubai tangu asubuhi, mpaka madirishani kuna watu wanatupungia mkono. Wapiga picha wabaki mbele, wasizunguke nyuma, kwa sababu nyuma ni kiwanja cha mwenyewe, naye anaanika nguo. Asanteni sana kwa kunisikiliza, nendeni majumbani mkapumzike. Nyinyi wajumbe wa kamati, upepo unaongezeka. Tafadhali endeleeni kulishika jengo.