Mashine Iliyoshindwa na Ratili Mia na Nne

Sogeeni, enyi mliopata kushika kalamu ya ofisi, nanyi mliopata kuiogopa. Tueni vikapu, zimeni redio, na mlio nyuma msiwasukume walio mbele, kwa maana yanasimuliwa hapa mambo yaliyotukia mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na tisa, katika shamba la chai lililo juu ya Kapsoit, siku ambayo Kepher mwana wa Adoyo, Kepher wa vidole vyepesi, mlinzi wa Mashine ya Kadi, alikabiliwa na swali lililowakimbiza wanaume wengi wenye vifua vipana kuliko chake: aseme, au anyamaze?

Mashine hiyo ilikuwa imeletwa kwa lori kutoka Nairobi, ikabebwa hadi ndani na wanaume kumi na wawili waliokuwa wakiimba na mmoja aliyekuwa akitoa amri. Chakula chake kilikuwa kadi za karatasi ngumu, kila mchumaji na kadi yake, iliyotobolewa matundu ya jina lake na ya ratili za majani aliyochuma Ijumaa, siku ya kipimo. Ilizimeza kadi, ikanguruma, ikatapika orodha ndefu iliyobandikwa ubaoni kila Jumamosi saa sita. Ambaye orodha ilimwonyesha chini ya ratili kumi alihesabiwa mvivu, na Jumatatu aliondolewa katika uchumaji akapelekwa kung'oa magugu. Orodha haikuwa na rufaa. Watu walikuwa wameanza kuitaja kwa sauti ya chini.

Basi Ijumaa moja, chai ikiwa imechipuka kwa fujo, Bonareri mama yake Gesare, binti wa milima ya Kisii, mwenye mikono miwili ifanyayo kazi ya minne, alishuka bondeni alfajiri, na hadi jioni alikuwa amepanda mara nne kwenye mzani. Nyamweya, karani wa mzani, alijumlisha. Akavua kofia, akajumlisha tena. Ratili mia moja na nne.

Kesho yake saa tatu asubuhi Kepher aliingiza kadi ya Bonareri. Mashine ilikohoa mara moja, ikawasha taa nyekundu, ikasimama. Aliitoa kadi, akaipuliza, akaiingiza tena, ikasimama. Mara ya tatu aliibembeleza kwa Kijaluo, lugha ambayo imewalainisha hata ng'ombe wakaidi, nayo ikasimama kwa utulivu wa kitu kisicho na mke wala watoto. Sababu aliiona waziwazi: waliobuni mashine waliipa kadi nafasi mbili tu za tarakimu za ratili, na tarakimu ya tatu ya Bonareri ilikuwa imetobolewa pembezoni, mahali pasipo na mwenyewe. Nyuma yake kadi mia tatu na kumi zilikuwa zimepanga foleni, jeshi zima lililozuiwa na mwanamke mmoja.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini hakuripoti pale pale. Mtu huyo hajafanya kazi katika shamba lile. Huko, aliyeripoti kitu kuharibika ndiye aliyekiharibu. Sheria hii haikuandikwa popote, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kuisahau. Mtu mmoja wa kiwandani, jina lake Nyang'au, aliripoti bomba la boila likivuja, na sasa huu ulikuwa mwaka wake wa tatu akilipasulia kuni boila lile lile.

Nyamweya alifika, akaitazama taa nyekundu kwa heshima, akatoa shauri lake la vita.

"Toboa tisini na tisa, bwana. Hizo tano zitakuwa zimeanguka njiani kama majani mengine. Mashine itapita, wewe utabaki kwa kiti chako, na hakuna mtu atakuuliza kitu. Ama toboa hizo tarakimu mbili za mwisho, sifuri na nne, uone kama huyo mama hatakuja hapa na panga."

Kepher alishika kitobozi. Tisini na tisa ni namba nzuri, yenye umbo la kupendeza, na ukweli ni kwamba mkono wake ulikuwa umekwisha kushuka nusu ya safari wakati kivuli chenye kikapu mgongoni kilipoziba dirisha.

"Karani," alisema Bonareri, "nimesikia huko kiwandani wanasema nimeua mashine."

"Haijakufa, Mama Gesare. Imesimama."

"Imesimama na jina langu mdomoni."

Kepher, kwa upole wa balozi anayeomba sehemu ndogo tu ya nchi ya wenyewe, alimuuliza kama angeona vibaya zikiandikwa tisini na tisa. Bonareri hakukasirika. Alifikiri, na hilo lilikuwa la kuogofya zaidi.

"Hizo tano nilichuma saa kumi, mvua ya mawe ikinipiga kichwa. Kama ni lazima utoe, toa zile za asubuhi. Zile zilikuwa rahisi."

Kitobozi kilirudi mezani.

Hapo ndipo shujaa alipofungua mtoto wa meza akatoa fomu ya hitilafu, nakala tatu na karatasi za kaboni katikati. Rasimu ya kwanza ilisema kwamba kumetokea hali ya kusimama, bila kumtaja aliyekuwapo, kana kwamba chumba kilikuwa kitupu tangu kujengwa. Ya pili iliilaumu mvua. Ya tatu aliiandika kwa adabu aliyofunzwa nyumbani, akaanza na salamu, akauliza hali ya wazee, ya watoto na ya mahindi, hata hitilafu yenyewe ikaangukia ukurasa wa pili. Akaipeleka kwa Mzee Joab, karani mkuu, mtu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukasirikia. Joab alisoma ukurasa wa kwanza, akaguswa, akajibu kwamba wote hawajambo na mahindi yanaendelea, akagonga muhuri, akaihifadhi. Saa tano ilikuwa imegonga.

Kepher alirudi kitini, akavuta pumzi, akaandika ya nne.

*Mashine imesimama. Mimi, Kepher, ndiye niliyekuwa nikiiendesha. Nilikuwa nikiingiza ratili 104, nazo ni halali ya Bonareri. Nimejaribu mara tatu, imesimama mara tatu.*

Joab aliisoma. Akabadilisha miwani, akaisoma tena.

"Omera, ndugu yangu, umeandika jina lako."

"Ndiyo, mzee."

"Watu huandika 'mhudumu'."

"Mhudumu ni mimi, mzee."

Karani mkuu aliinuka, na alipoinuka hakuwa mrefu, lakini ofisi nzima iliacha kupiga chapa.

"Miaka kumi na saba nimeketi katika meza hii," alisema, "nikipokea ripoti zilizosema mvua, zilizosema panya, zilizosema umeme, na moja iliyosema shetani. Hii ni ya kwanza kusema mimi. Sitaki kuizoea. Nipeni simu."

Simu ilizungushwa, Nairobi ikapatikana, ikapotea, ikapatikana. Fundi wa mashine alieleza kwamba waliobuni kadi hawakudhani mwanadamu angefika mia. Alishauri Bonareri atobolewe kadi mbili, ya tisini na tisa na ya tano. Joab alimjibu kwamba hapo mama wa watu angekuwa wa kwanza na wa mwisho katika orodha moja, na Jumatatu nusu yake ingetakiwa kwenye magugu. Fundi akauliza jina la aliyeripoti, kwa sababu mashine za namna ile zilikuwa zikisimama katika mashamba matatu tangu Januari, na katika daftari lake la hitilafu hapakuwa na neno hata moja. Akasema kadi irukwe, namba iandikwe kwa kalamu.

Kadi ikarukwa. Taa nyekundu ikazimika, jeshi likapita likinguruma, na kwenye nafasi iliyoachwa wazi Kepher akachovya kalamu, akaandika mia moja na nne kwa wino wa buluu. Saa sita kasoro dakika mbili orodha ilikuwa ubaoni. Bonareri aliitafuta kwa kidole, akaipata, akaitazama sana.

"Kumbe ilikuwa ni kalamu tu?"

"Ilikuwa ni kalamu tu, Mama Gesare."

Akaweka kikapu sawa mgongoni, akaenda zake.

Na iandikwe kwa ajili ya watakaokuja, kwamba Jumatatu ile Bonareri alikuwa katika safu ya mbele ya wachumaji, na Kepher mwana wa Adoyo alikuwa kwenye kiti chake, na huko Nairobi daftari la hitilafu lilikuwa na mstari wake wa kwanza, wenye jina la mtu. Inasemekana kwamba mwaka huo huo watu wengine walitua mwezini. Hatuwapunguzii sifa, nao pia, mashine yao ilipolalamika wakishuka, kwa jinsi tulivyosikia, waliripoti.